Mwaka Ambao Mama Mwende Alipisha Sinia

Tulipomzika Mama Mwende mwezi uliopita, akina mama wa kanisa walisimama mmoja mmoja kumsifu, na kila mmoja alisema jambo lile lile kwa maneno yake: marehemu alikuwa mtu wa kujihoji. Hakuikaribia Meza ya Bwana kabla ya kukaa chini na kujiuliza amefanya nini tangu mara ya mwisho. Mmoja akaongeza kwamba katika miaka yake yote ya ushemasi hakukosa kushiriki hata mara moja. Nilikuwa nimeketi mbele pamoja na jamaa, leso mkononi, nikainamisha kichwa watu wasije wakaona uso wangu. Labda yule mama alikuwa amesahau, au alikuwa bado hajahamia mtaani wakati huo, au aliona si adabu kusema mambo kama hayo mbele ya jeneza. Mimi nilikuwepo. Palikuwa na mwaka karibu mzima ambao Mama Mwende hakula mkate wala kunywa kikombe, kanisa zima likimtazama, nami nikiwa nimeketi ubavuni mwake na hofu ambayo hata leo sijaisahau. Nilipoitwa niseme neno nilisema tu kwamba alinilea, nikarudi kuketi.

Nilifika kwake, katika mtaa wa Jericho, nikiwa nimetoka tu shule, nikaanza kujifunza ushonaji katika chuo kidogo kule Eastleigh, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Nilihitaji pa kulala, naye alikuwa na kitanda kitupu. Kilikuwa cha Mwende, binti yake wa pekee, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijaja, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tungekuwa rika moja. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, zile za kaunsili ya jiji zenye kuta nene na sakafu nyekundu inayopakwa nta, na kati ya chumba na chumba hapakuwa na mlango, ila pazia la maua ya manjano. Vitu vya Mwende vilikuwa bado mahali pake: kioo kidogo ukutani, mafuta ya nywele yaliyobaki nusu chupa, viatu vyeusi vya kanisani vimepangwa chini ya kitanda. Siku ya kwanza Mama Mwende alivitoa viatu, akavifuta kwa kitambaa, akaniambia nivijaribu. Vilinitosha sawasawa. Alivitazama miguuni mwangu kwa muda, akasema ni vizuri, akaenda kuwasha jiko. Mimi nilifurahi kupata viatu, sikuwaza zaidi ya hapo.

Meza ya Bwana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na yeye kama shemasi ndiye aliyeandaa mkate. Jumamosi mchana alirudi kutoka kiwandani Industrial Area, ambako alikuwa karani, akavua sare, akafunga leso kiunoni, na tukakaa jikoni kwenye vigoda, ubao wa kukatia katikati yetu. Mkate ulikuwa ule ule wa duka, mweupe, wa vipande. Kazi yangu ilikuwa kuondoa maganda ya pembeni, yake ilikuwa kukata vipande vidogo vya kutosha kuingia mdomoni bila kutafunwa sana. Maganda tuliyala na chai jioni. Mara ya kwanza niliyashika nikaogopa kuyatia mdomoni, nikamuuliza kama si dhambi. Alinijibu kwamba mkate ni wa duka mpaka uombewe, nile kabla chai haijapoa. Nilikula, lakini nilikula nikisikiliza tumbo langu, maana wakati huo niliamini kwamba kitu chochote kinachokaribia ile meza kinaweza kuua.

Wakati wa kukata ndio aliojihoji. Alianza na miguu. Aliiuliza kwa sauti ya chini imeenda wapi mwezi ule, kisha akanyamaza kama anayengoja jibu, kisu kikiendelea. Kisha mikono: imegusa nini, imemnyima nani. Macho, masikio, halafu ulimi, na hapo kwenye ulimi alichelewa, kwa sababu alikuwa na ulimi mkali na mwenyewe alilijua hilo. Mara nyingine alinyanyuka katikati ya kazi, akavuka ua kwenda kumwomba msamaha jirani ambaye yeye alimjibu vibaya kwenye kamba ya kuanikia nguo, akarudi, akanawa mikono na kuendelea alipoachia. Moyo ulikuwa wa mwisho. Akifika moyoni kisu kilisimama. Mimi aliniambia nijihoji kimyakimya, kwa kuwa ya mtu ni yake, nami nilifuata viungo kama yeye, nikiwa na mengi ya kujibu kwa miguu iliyozurura Eastleigh kutazama madirisha ya maduka badala ya kurudi nyumbani.

Hofu yenyewe iliingia mwezi wa pili au wa tatu tangu nifike. Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa mwenye sauti nene aliyekuwa akigawa sinia upande wetu, alishiriki kama kawaida, akaimba wimbo wa mwisho, na alipofika mlangoni akaanguka. Niliona viatu vyake vikiburutwa juu ya kizingiti alipobebwa kwenda kwenye gari. Wiki hiyo hiyo akafa. Hakuna aliyesema kitu madhabahuni, lakini uani, kwenye bomba la maji, nilisikia wanawake wakiambiana kwamba mtume aliwaonya watu tangu zamani, anayekula bila kujihoji anajilia hukumu, wengine huugua na wengine hulala moja kwa moja. Nilibaki na ndoo mkononi, maji yakifurika. Miaka mingi baadaye mjane wake aliniambia kwamba Mzee Kilonzo alikuwa na presha ya muda mrefu na alikuwa ameacha kumeza dawa. Laiti ningelijua hilo wakati ule. Tangu siku ile nilikula kipande changu macho yamefumbwa, kisha nikahesabu mapigo ya moyo mpaka tufike nyumbani.

Ni baada ya mazishi ya Mzee Kilonzo ndipo Mama Mwende alipopisha sinia. Sisi tuliketi benchi la mbele, yeye ukingoni, mimi kando yake, kwa hiyo sinia lilimfikia yeye kwanza. Siku hiyo alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, halafu akanipa mimi bila kuchukua kitu. Nilidhani amesahau. Nikamsogezea tena, naye akatikisa kichwa kidogo sana. Kikombe kilipokuja akafanya vile vile. Kwa asiyejua kanisa letu, hilo ni jambo dogo. Kwetu, mtu akipisha sinia amekwisha kusema mbele ya wote kwamba ana kitu ambacho amekitafuta ndani yake akakikuta, na kinachobaki ni watu kukisia ni kitu gani. Na huyu ndiye aliyeukata mkate wenyewe. Nilisikia mabenchi ya nyuma yakilia watu wakigeuka kutazama.

Mwezi uliofuata alipisha tena, na uliofuata. Wasichana wa kwaya walinivizia langoni. Mmoja alinishika mkono akaninong'oneza, "Si uniambie tu, mathe amefanya nini? Wewe si mnakaa na yeye?" Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Nilianza kuichunguza nyumba. Nilimtazama akirudi kazini, nikasikiliza anavyosalimia wanaume uani, nikanusa vikombe alivyonywea. Sikupata kitu. Mtu niliyemjua kuwa msafi kuliko wote alikuwa anaogopa mkate, nami ambaye nilikuwa na uongo mdogomdogo wa kila siku nilikuwa naumeza mkate ule. Nilijiuliza ni nani kati yetu ataanguka kwanza. Jumamosi jikoni alipoanza kuuliza miguu yake nilikuwa nikishika kwa nguvu kisu changu cha kuondolea maganda, nikingoja afike moyoni, na alipofika uso wake ulibadilika, akainuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona lakini sikulielewa. Chakula chetu kilikuwa cha kawaida, ugali na sukuma, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Jumatano, nyama mara moja moja. Lakini kila baada ya Jumapili ya Meza, Mama Mwende alinunua nyama na kunipakulia mimi kipande kikubwa, chenye mafuta, yeye akabaki na mchuzi. Nilijisifu moyoni kwamba ananipenda. Hata nilimwandikia mama yangu nyumbani kwamba hapa nalishwa kama bibi harusi.

Mchungaji alikuja jioni moja ya katikati ya wiki, jua halijazama. Nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nikishona pindo la sketi ya chuo. Mama Mwende alimkaribisha, akampa chai na mandazi, wakaulizana habari za wagonjwa na za paa la kanisa, mpaka maneno ya adabu yakaisha. Mchungaji alikuwa mtu mpole. Alimwambia hakuja kumhukumu, ila watu wanauliza, na afadhali aseme yeye mwenyewe kuliko kusemewa. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya meza.

"Ni huyu mtoto," Mama Mwende alisema. "Kila nikijihoji nafika moyoni namkuta yeye. Simpendi, Mchungaji. Akila nasikia uchungu. Akicheka huko uani nasikia uchungu. Akivaa vile viatu, natamani angekuwa yeye aliyekufa."

Sindano ilinichoma kidole, na nilikaa nikikitazama kikitoa damu juu ya kitambaa bila kukiondoa. Niliogopa kama mtu aliyegundua kwamba amelala chumba kimoja na nyoka, isipokuwa nyoka nilikuwa mimi. Yule mchawi, yule mwizi, ile dhambi kubwa niliyokuwa nikiitafuta katika nyumba ile, ilikuwa imekaa kitandani inashona. Mchungaji alisema hakuna aliyemlazimisha kunilea, na kwamba kufiwa na mtoto si jambo la mchezo. Kisha akampa shauri ambalo hata mimi, nikiwa pale pale, niliona lina busara.

"Si umrudishe tu kwao, Mama Mwende. Upate amani."

"Nikimrudisha nitakuwa nimeondoa mtu," alijibu. "Dhambi itabaki hapa hapa. Huyo mtoto hajanikosea chochote. Atakaa mpaka amalize chuo, na mimi nitakaa bila Meza mpaka moyo utakapobadilika."

Mchungaji aliomba, akaondoka. Mama Mwende aliita kutoka upande wa pili kwamba chakula ki tayari. Ilikuwa wiki ya nyama. Nilikiona kile kipande kwenye sahani yangu na ghafla nikaelewa bei yake: kila alipokuta chuki ndani yake alikuwa anakwenda kwa muuza nyama. Nilitafuna nikilia kwa ndani, naye aliuliza kama nyama haijaiva. Nikasema imeiva vizuri.

Kuanzia hapo niliishi kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Nilikula kidogo. Nilijizuia kucheka uani. Viatu nilivirudisha chini ya kitanda nikaanza kwenda kanisani na ndala, mpaka aliponiona mlangoni akaniuliza viatu viko wapi, akanirudisha ndani nikavivae, kwa ukali. Nilifikiria kurudi nyumbani kila siku. Kilichonizuia mwanzoni ni chuo, sitasema uongo. Lakini kulikuwa na kitu zaidi, nacho nimekielewa sasa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Watu wengi wamenionea huruma maishani, na wengine wamenichukia. Sijapata mwingine aliyenichukia akajua kwamba ananichukia, akakataa kunifukuza, akakubali kuaibika mbele ya kanisa zima mwezi baada ya mwezi kuliko kujidanganya. Angeweza kula tu. Nani angejua? Mimi mwenyewe nilidhani ananipenda.

Nami nilikuwa na moyo wangu wa kuhoji. Nilipofika moyoni mwangu sikumkuta mtu, nilikuta woga tu. Nilimwogopa Mungu, nikaogopa mkate, nikamwogopa yeye na huruma yake ya nyama. Halafu, mwezi mmoja karibu na Krismasi, sinia lilipokuja na yeye akalipokea na kunikabidhi kama alivyozoea, niliitazama ile mikono iliyonipakulia nyama. Ni yeye aliyekuwa akinilisha, siku zote, hata hapa. Nikalishika lile sinia na nikaona siwezi. Nikalipisha kwa mama aliyekuwa kushoto kwangu. Mama Mwende aligeuka akanitazama usoni, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kunitazama usoni hivyo kabla ya siku ile.

Tulipofika nyumbani alifunga mlango, akanigeukia.

"Kwa nini hukula?"

"Nakungoja," nikasema.

"Nani amekuambia?"

"Pazia ni jembamba, Mama Mwende."

Aliketi bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nilidhani atakasirika, nikajipanga karibu na mlango. Aliniuliza nimejua tangu lini, nikamwambia. Aliniuliza kwa nini sikuondoka, nikajibu chuo hakijaisha, jibu la kipumbavu, lakini ndilo lililotoka. Alifunika macho kwa kiganja. Akasema alikuwa akitaka kwanza aache kunichukia, ndipo aje aniambie na kuniomba msamaha, na kwamba bado hajaacha, na hajui ataacha lini. Nikamwambia basi nitangoja. Akasema mtoto wa watu hawezi kunyimwa Meza kwa ajili yake. Nikasema sinyimwi, naikataa mwenyewe. Mwishowe akainuka kwenda kupika.

Jumamosi ya mwezi uliofuata tulikaa jikoni na mkate wetu. Nilingoja aanze na miguu, hakuanza. Alikata kimya mpaka sahani ikajaa, ndipo akaniambia kwamba kesho atakula. Hakuwa amepona, alisema, asingenidanganya. Ila amechoka kuona tunakaa na njaa sote wawili. Badala ya kufurahi nilishikwa na hofu ambayo sijapata kuiona tena. Niliona viatu vya Mzee Kilonzo juu ya kizingiti. Yeye mwenyewe amekiri kwamba kile kitu bado kimo ndani, na bado anataka kula. Nilimshika mkono wenye kisu.

"Usile, Mama Mwende. Mimi nitakula. Wewe usile."

"Ondoa maganda," alisema. "Mkate unakauka."

Alikula. Nilimwona akichukua kipande, akikiweka ulimini, koo likishuka na kupanda. Nilikula changu bila kujua nimekula. Ibada nzima iliyobaki nilitazama kifua chake. Tulipokaribia mlango nilitangulia nikasimama upande wa nje wa kizingiti, mikono nimeitanua kidogo, ili akianguka aniangukie mimi. Hakuanguka. Tulitembea mpaka nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, na alipofika alisema amechoka, akalala kwenye kochi na nguo zake za kanisani, akafumba macho.

Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Jiko lilikuwa na chakula tangu asubuhi na nilitakiwa kukipasha moto, lakini sikuthubutu kuondoka. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba. Ikafika wakati nikaona kifua hakiinuki. Niliita kwa sauti ndogo, hakujibu. Nikapiga magoti, nikashusha sikio karibu na mdomo wake nisikilize, nikimwomba Mungu anichukue mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa yale mabaya yaliyokuwa ndani yake. Na ndipo nilipojua kwamba yule mwanamke asiyenipenda nilikuwa nikimpenda sana, na kwamba akifa sitakuwa na mtu katika mji huu.

Alifumbua macho. Nyuso zetu zilikuwa karibu kiasi kwamba alinipumulia.

"Umeogopa," alisema.

"Ndiyo."

"Hata mimi niliogopa. Nilipomeza tu nikasema, basi, sasa ndio nakufa." Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali. "Na unajua nilichowaza? Sikuwaza hukumu. Niliwaza, nikianguka hapa, huyu mtoto atarudi nyumbani na nani?"

Alilisema hilo kisha akalisikia. Nilimwona akilisikia. Aliketi polepole, akashusha miguu sakafuni, akanitazama tena kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu vyeusi, akaanza kulia, nami nikalia, pale pale chini, kichwa changu magotini kwake, mpaka chakula kikapoa kabisa na hakuna aliyeinuka kukipasha.